Shada la Utepe wa Zambarau

Tulimzika Mama Leokadia mwezi uliopita, na safari hii alikuwa amekufa kweli. Nasema hivyo kwa sababu mji wetu wa Likasi uliwahi kumlilia akiwa mzima wa afya, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolia. Mwezi uliopita alikufa kitandani mwake, mzee, ameoshwa na kupakwa mafuta, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Watu walionipa pole walishangaa kuniona nikishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Hawakujua kwamba tangu mwaka ule nilipokuwa msichana wa kumchapia hotuba zake, nilikuwa nikingoja simu itakayosema amekufa vingine. Ukoo wangu na jinsi nilivyofika kwake havina kazi hapa. Ninataka kusimulia mwaka mmoja tu, mwaka wake wa kwanza katika Seneti, na woga ulioingia katika nyumba ile ukaketi nasi mezani.

Nyumba yenyewe ipo bado, ya matofali mekundu, na barza mbele ambapo wageni hungojea, na jiko nyuma lenye mlango wake wa pembeni. Kabla ya siasa Mama alikuwa mwalimu mkuu, na wabunge wa jimbo walipomchagua kwenda Kinshasa aliondoka na tabia zake zote za ualimu. Maseneta wenzake waliandikiwa hotuba na washauri wenye tai. Mama alizipika jikoni, na sisemi kwa mafumbo. Kila aliporudi Likasi alikaa kwenye kiti kifupi karibu na jiko akisoma kwa sauti, huku dada yake mkubwa, Yaya Berta, akisonga bukari, ule ugali wetu. Mimi nilikuwa Rais wa Seneti. Kazi yangu ilikuwa kupiga mfuniko wa sufuria kwa kijiko muda ukiisha na kupaza sauti: "Honorable, temps ilishaisha!" Naye Mama angejibu kwa heshima zote: "Bwana Président, unipe tu kidogo, bukari haiyaiva." Hakimu wa kweli, hata hivyo, alikuwa Yaya Berta. Yaya akiendelea kusonga, Mama alikata maneno yale kwa kalamu. "Leokadia, fasi hii hakuna kintu," angesema bila kugeuka, na fasi kwetu ni mahali, "inapita tu sawa mayi." Lakini akisahau mwiko, maneno yalibaki. Ndiyo maana siku za hotuba nzuri tulikula bukari yenye mabonge, na sikuwahi kumsikia mtu akilalamika.

Mtu aliyekula mabonge hayo pamoja nasi mara nyingi alikuwa Patron Faustin. Alikuwa na malori, na malori yake yalibeba mahindi, mchanga, mawe ya migodi, chochote cha mtu yeyote. Alisali parokia moja nasi, aliimba sauti ya chini, na Yaya Berta alipoumwa goti yeye ndiye aliyemtafutia dawa Lubumbashi. Aliingia kwa mlango wa jikoni kama ndugu, akanawa mikono, akamega. "Mama, weye iko na kinywa," alimwambia Mama siku moja huku akichovya tonge kwenye sombe, kisamvu chetu. "Bale bengine banalalaka tu mule mu bafauteuils, mu biti bya Seneti. Lakini uangalie njia yako. Bantu iko mubaya." Mama alicheka, akamsogezea kipande cha samaki. Nilimpenda mtu yule, kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee aliyeniuliza nimekula kabla hajaniuliza kama Mama yupo.

Samaki huyo alitoka ziwani Tshangalele, na ndiye chanzo cha mambo yote. Katikati ya mwaka ule wanawake wanaouza samaki walianza kuja kwenye barza ya Mama. Walikaa kwenye benchi, mabeseni yao yamefunikwa vitambaa, wakasema maji ya upande wao yamebadilika rangi. Samaki walikuwa wakielea, na wale waliovuliwa wazima walinuka kama betri ya gari. Kuna mtambo uliokuwa ukitupa maji yake machafu huko juu, walisema, lakini kila walipouliza ni wa nani, waliambiwa warudi nyumbani wakalee watoto. Mama aliwasikiliza mpaka alasiri. Kisha akaja jikoni, akakaa kwenye kiti chake kifupi, akaniambia nitafute karatasi.

Ile hotuba ilimchukua majuma. Na katika majuma hayo ndipo woga ulipoanza, kidogo kidogo, kama unyevu unavyopanda ukutani. Simu iliita, nikapokea, nikasikia mtu akipumua tu. Gari lenye vioo vyeusi likawa linaegeshwa ng'ambo ya barabara, mbele ya mahali ambapo hapakuwa na duka wala ofisi. Halafu siku moja nilikuwa sokoni nikichagua lengalenga, mwanamume nisiyemjua akasimama kando yangu, akashika fungu lilelile nililokuwa nimeshika, akasema kwa upole kabisa, akinitaja jina: "Tina, ile discours ya lac ilishaisha?" Watu waliojua kuhusu hotuba ile ya ziwa waliweza kutosha kwenye mkeka mmoja. Niliacha mboga, nikaenda nyumbani mbio, na Mama aliponiuliza kwa nini nimerudi mikono mitupu nilimwambia nimekuta zimenyauka. Tangu siku ile sikula vizuri. Nilimtazama kila aliyeingia uani, fundi bomba, katekista, hata yule mama wa mkaa, nikijiuliza ni nani kati yao anayetuuza. Patron Faustin ndiye aliyegundua kwamba nimekonda, akaniletea chupa ya asali.

Mazoezi ya mwisho yalifanyika siku moja kabla Mama hajaenda kwa gari Lubumbashi kupanda ndege. Nilikuwa na kijiko changu mkononi, tayari kwa mfuniko. Mama alisimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya jikoni, akasoma kwa Kiswahili chetu bila kukipaka poda. Siku tatu baadaye tulimsikia redioni akiyasema maneno yaleyale mbele ya Seneti, na bado ninayajua kwa moyo: "Bwana Président, ba honorables. Minye natoka fasi yenye bantu banakulaka samaki. Leo mama anapika samaki ya Tshangalele, kisha anaangalia batoto yake, anaogopa kubapa. Anakula yeye wa kwanza. Anangojea. Kama hakufwe, njo batoto banakula. Minaomba Ministre aniambie, ni mu inchi gani mama anaonjaka chakula ya mutoto wake sawa vile balikuwa banaonja chakula ya mufalme, juu ya sumu?" Kule jikoni, siku ya mazoezi, harufu ya kuungua ndiyo iliyotuamsha. Yaya Berta alikuwa amesimama, mwiko hewani, bukari imeshika moto chini. Tulikula ya juu, na ya chini tukamwachia mbwa. Lakini redioni Mama aliongeza sentensi ambayo hatukuwa tumeisikia jikoni, wala sikuwa nimeichapa: "Sa narudia kwetu. Na nikitoka kule, nitakuya hapa na majina." Yaya Berta alizima redio. Akakaa chini. "Aeeh, Leokadia," akasema, "juu ya nini unabaambia kama unarudia?"

Sasa lazima nimlete Tata Pius. Kwetu ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi ni watani, banungwe kama tunavyosema, na Mama alikuwa Mbuzi. Tata Pius, mstaafu mwenye masikio makubwa na aibu ndogo, alikuwa Chui. Chui anaruhusiwa kumwambia Mbuzi neno lolote, hasa la msiba, na Mbuzi hana ruhusa ya kukasirika. Akikukuta unaumwa atakuuliza nyama yako igawanywe vipi. Ukijenga nyumba atakuambia umejijengea kaburi lenye madirisha. Kazi hii hufanywa zaidi mtu anapopanda juu, ili kichwa chake kisije kikazidi mlango. Basi kesho yake asubuhi, Likasi nzima ikiwa bado inaongelea ile hotuba, Tata Pius alikuja kumshusha Mama kwa desturi zote. Alijipaka majivu usoni, akafunga kiuno kwa kamba, akaketi getini kwetu na kuangua kilio: "Mbuzi yangu alishakufwa! Leokadia alikufwa eeeh! Sa nitakula nani mie!"

Siku nyingine yoyote mtaa ungecheka mpaka ukamwaga chai. Lakini mtaa ule haukuwa na nafasi ya kicheko siku ile. Kila mtu alikuwa amelala akiwaza jambo hilohilo, na jirani wa ng'ambo, mtu wa mkoa mwingine asiyejua utani wetu, alitupa ufagio akakimbia huku akipiga mayowe kwamba Mama Sénateur amekufa. Mayowe yale yalipokelewa mtaa wa pili, kisha soko. Kufumba na kufumbua watu walikuwa wamekata matawi na kuyaweka barabarani, alama yetu ya msiba, na wanawake walikuwa wanaingia uani wamevua viatu. Tata Pius aliruka, akafuta majivu, akawashika watu mikono mmoja mmoja. "Bantu, ni bunungwe tu! Ni mucheko! Haakufwe!" Mwanamke mmoja alimkumbatia akampigapiga mgongo. "Lia, Tata, lia. Usifunge mu roho." Na sisi wenyewe? Tulijua ni utani. Nilimwona kwa macho yangu akijipaka majivu. Hata hivyo nilipiga simu ya Mama, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena. Nyuma yangu sauti za kilio zilipanda, na kila simu isiyojibiwa ilinivuta upande wa wale wanaolia, mpaka nikaanza kufikiri labda Mungu amemtumia mtani kutuambia ukweli kabla ya wakati.

Nilikuwa jikoni, simu sikioni, mlango wa pembeni ulipogongwa. Alikuwa dereva wa teksi kutoka Lubumbashi, mwenye haraka zake, amebeba shada kubwa la maua ya plastiki. Alisema amelipwa na muuza mashada alilete tu, na kwa mbele hapapitiki. Hakujua lilitoka kwa nani. Akalilaza juu ya meza, kando ya bakuli la unga, akaondoka. Lilikuwa shada la bei, maua meupe na ya pinki, na utepe mpana wa zambarau wenye herufi za dhahabu zilizobandikwa moja moja. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, yakisema: kwa dada yetu mpendwa, aliyeanguka barabarani. Nilijikuta sakafuni, mgongo kwenye gunia la makaa, nikipiga kelele ambazo nilizisikia kama za mtu mwingine. Mama alikuwa amekufa, basi. Amekufa njiani, na watu wa Lubumbashi wamejua kabla yetu. Yaya Berta aliingia, akasoma, akafunika mdomo kwa kitambaa. Tata Pius alisimama mlangoni, majivu yaliyobaki usoni, kama mtu aliyemwua mtu kwa ulimi.

Hapo ndipo simu ilipolia mkononi mwangu. "Tina, juu ya nini munanipigia sawa bawazimu? Nilikuwa mu mukutano ya commission." Ilikuwa sauti yake, na hasira zake za ualimu. "Mama," nilisema, "weye iko wapi?" "Niko Kinshasa, fasi gani tena? Niko nafunga valise ya safari." Yaya Berta alininyang'anya simu. Nilimtazama akimweleza mdogo wake kuhusu kilio, na Mama alianza kucheka, nilimsikia mpaka nilipokuwa. Kisha Yaya Berta akasema: "Ngoja. Usicheke kwanza. Kuko muntu alituma shada. Ku shada banaandika asema ulikufwa mu njia." Kicheko kilikatika. Maana Tata Pius hakutaja njia. Hakuna mtu aliyetaja njia, uani wala sokoni. Walioulizwa walisema Kinshasa, wengine wakasema sumu. Na herufi zile za dhahabu, mtu yeyote aliyewahi kuzika anajua, fundi hazibandiki asubuhi moja. Kuna mtu aliyeagiza shada mapema, kwa kifo kilichopangiwa barabara ya kutoka Lubumbashi, akasikia habari za msiba akadhani vijana wake wameharakisha, akaona vibaya kuchelewa kutoa pole. "Banaandika mu njia?" Mama aliuliza tena, taratibu. "Mu njia," alijibu dada yake. Halafu Mama akasema: "Basi, muendelee kulia."

Tuliendelea. Yaya Berta alilifunika shada kwa kitenge akalipeleka chumbani kwa Mama kabla yeyote mwingine hajaliona, akatutazama mimi na Tata Pius. "Ule alituma iko anangojea kusikia kama tunalia. Tumupe." Sijawahi kuona adhabu inayolingana na kosa namna ile: mtani aliyekuja kucheka aliketi siku nzima katikati ya waombolezaji akilia kwa kazi, na machozi yake yalikuwa ya kweli, kwa sababu alikuwa na hofu kwamba akinyamaza Mama atakufa. Nami nilipita na maji ya kunawa, nikiwatazama wote machoni. Nilikuwa nawaza kwamba yule mtu huenda yumo humuhumu uani, anakula sombe yetu, anahesabu machozi.

Alasiri ya siku ya pili lori la wakulima wa Kapolowe lilisimama kwenye kona. Wanawake walishuka kutoka juu ya magunia ya mahindi, na mmoja wao, amejifunga kilemba cha kuazima, beseni la nyanya kiunoni, aliingia uani akapenya mpaka kwenye mkeka. "Nani alikufwa hapa?" aliuliza. "Mama Sénateur," alijibiwa na mwanamke ambaye hakuinua uso. "Alikufwa na nini?" "Balimuuwa, mama. Juu yetu." Mama Leokadia aliweka beseni chini. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na nilitarajia mzaha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mizaha. Badala yake aliketi kwenye mkeka wa msiba wake mwenyewe akalia, kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka yule mwanamke alipogeuka kumfariji, akamtambua, akazimia. Yaliyofuata mtu anaweza kuyakisia: vigelegele, watu wakikanyaga nyanya, Tata Pius akicheza mgongo wazi. Patron Faustin alifika jioni ile kutoka Lubumbashi, vumbi tupu, akapiga magoti mbele ya Mama akamlilia mapajani mpaka kitenge kikalowa. Nilimpenda zaidi siku ile.

Mama alirudi Seneti na majina, akayasoma bila kuketi, na redio ikayasoma tena. Mtambo ulifungwa, ukafunguliwa, ukabadilishwa jina. Hotuba haifui ziwa. Lakini alisimama mara nyingi tena katika miaka yake kule, akisemea manesi, madaraja, watoto wa mashimo ya migodi, na daima Yaya Berta aliunguza kitu. Ila nyumba haikurudi kuwa ileile. Mama hakusafiri tena siku aliyoitangaza. Mimi mpaka leo simu ikiita mara mbili bila mtu kusema, huenda kufunga mlango wa jikoni. Lile shada hakulitupa. Alilitundika chumbani mwake, karibu na dirisha, mahali tulipoingia sisi watatu tu tulioliona. "Ni yangu," alisema. "Alishalipa. Siku nitakufwa, munipatie." Miaka ya jua ikaupausha utepe ule, herufi zilianguka moja moja, na zambarau ikageuka rangi ya majivu. Yaya Berta alitangulia kufa, tukabaki Tata Pius na mimi.

Basi mwezi uliopita nilitimiza agizo. Nilililaza shada juu ya jeneza, chakavu, utepe mtupu usio na rangi wala neno, na watu wakadhani ni umaskini. Tata Pius, sasa mzee wa fimbo, alitumia ruhusa yake ya Chui kwa mara ya mwisho, akapaza sauti juu ya kaburi: "Aksanti kwa ule alituma hii maua! Ilikawia, lakini ilifika!" Walicheka wachache, bila kuelewa. Wakubwa walikuwa wamekaa mstari wa mbele, na nilizitazama nyuso zao mmoja baada ya mwingine, nikaona majonzi ya kawaida na jasho la kawaida. Tulipomaliza kufukia, Patron Faustin alinijia. Amezeeka vizuri, miwani ya dhahabu, sauti ileile ya chini ya kwaya. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza kama nimekula. Kisha akatazama shada pale juu ya udongo, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mulifanya muzuri kuitunza," alisema. "Ile zambarau ilikuwa inamupendeza sana."

Nilitazama utepe. Ulikuwa wa majivu, kama ulivyokuwa kwa miaka mingi. Yeye hakutambua alichosema. Aliendelea kunishika mkono, mikono yake ya moto na laini, na mimi nikashindwa kuuchomoa. Nilikumbuka asali, tonge lake kwenye sombe, mabonge aliyoyala pamoja nasi huku Mama akisoma. Alipokwenda, nilimwambia Tata Pius sikioni lile neno la zambarau. Mzee alitazama barabara, ambako waombolezaji walikuwa wameanza kupanda malori yaliyotuleta makaburini, malori ya Patron Faustin, aliyoyatoa bure kwa ajili ya marehemu. Dereva alituita, akatunyooshea mkono tupande.

"Tutatembea," nilisema.

"Ni mbali, mama. Na ule mzee?"

"Leo Chui na Mbuzi banatembea," alisema Tata Pius, akinipa mimi nafasi ya Mama, akanishika kiwiko. Tulishuka barabarani taratibu, kwa mwendo wa fimbo yake. Hatujafika mbali nikasikia, nyuma yetu, injini ya lori ikiwashwa.